Aliyeondoka Bila Kuilaani Nyumba: John Henry Newman na Sisi Tuliobaki

Muumini wa Anglikana wa Unguja, wa Muheza au wa Masasi akisema Jumapili asubuhi kwamba anakwenda Misa, hakuna jirani anayeshangaa. Kiongozi wa ibada yake humwita padri. Altareni huwaka mishumaa, siku za sikukuu hufukizwa ubani, na wapo wanaokwenda kuungama kabla ya Pasaka. Lakini Mwanglikana mwenzake aliyelelewa Dodoma au Nairobi, akiingia kanisani humo kwa mara ya kwanza, huweza kusimama mlangoni akijiuliza kama amekosea njia akaingia kwa Wakatoliki.

Sababu ya tofauti hiyo iko katika historia. Misheni mbili za Kanisa la Uingereza zilituletea Injili kwa mikono miwili. CMS, ambayo kazi yake Mombasa ilianzishwa na Johann Ludwig Krapf mwaka 1844, ilikuwa ya mrengo wa kiinjili: ilitilia mkazo Biblia, mahubiri na wongofu wa moyo. UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyohamia Unguja mwaka 1864, ilitilia mkazo pia Sakramenti, uaskofu uliotoka kwa mitume na desturi za Kanisa la kale. Mkazo huo wa UMCA ulitoka katika moto uliowashwa Oxford miaka 30 kabla yake. Miongoni mwa waliouwasha moto huo alikuwamo padri mmoja ambaye sisi Waanglikana wa pwani na wa kusini tunamtaja kwa nadra. Jina lake ni John Henry Newman. Tunamtaja kwa nadra kwa sababu aliondoka: tarehe 9 Oktoba 1845 alipokelewa katika Kanisa Katoliki la Roma.

Tumeona vema kumweka katika kitabu hiki. Hatumweki ili kumvuta mtu aende alikokwenda. Sisi wenyewe tumebaki, na tunawapenda walioturithisha imani hii. Tunamweka kwa sababu karibu kila nyumba yetu ina mtu aliyehama. Binti ameolewa na Mkatoliki akabadili. Kijana amekwenda kwa Wapentekoste. Mjomba, baada ya miaka mingi ya kusoma na kusali, ameomba kupokelewa parokia ya jirani. Tunajua maneno yanayosemwa baada ya hapo, na tunajua pia viti vinavyobaki vitupu siku ya harusi. Safari ya Newman ina mafundisho kwa anayeondoka na kwa anayebaki.

Nyumba iliyomlea

Newman alizaliwa London tarehe 21 Februari 1801, wa kwanza kati ya watoto sita. Baba yake alikuwa mshirika katika benki. Mwaka 1816 benki hiyo ilisimamisha malipo, na familia ikashuka kutoka maisha ya raha hadi maisha ya wasiwasi. Mwaka huo huo kijana huyo wa miaka 15 aliugua, akabaki shuleni wakati wa likizo, na hapo, kwa msaada wa mwalimu wake mmoja wa mrengo wa kiinjili, akageuka kumwelekea Mungu kwa moyo wote. Maisha yake yote, hata alipokuwa kardinali, hakuwahi kuidharau saa ile. Aliihesabu kuwa mwanzo wa kweli.

Tunaomba msomaji akumbuke jambo hili. Mtu ambaye baadaye aliitwa mtakatifu na Kanisa la Roma aliamshwa kiroho na Waprotestanti, na hakuacha kuwashukuru.

Alisoma chuo cha Trinity, Oxford. Alijichosha mno kwa kusoma hata akafanya vibaya katika mtihani wa mwisho mwaka 1820. Lakini miaka miwili baadaye, tarehe 12 Aprili 1822, alichaguliwa kuwa mmoja wa wanazuoni wa chuo cha Oriel, nafasi ambayo wengi waliitamani. Alipewa ushemasi mwaka 1824 na upadri mwaka 1825. Mwaka 1828 alikabidhiwa kanisa la Mtakatifu Maria, ambalo ni kanisa la Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na kijiji cha Littlemore kilichokuwa sehemu ya parokia hiyo, kama kilomita tano kutoka mjini. Hotuba zake za Jumapili alasiri zilivuta vijana wengi, ingawa alizisoma kutoka kwenye karatasi, kwa sauti ya chini, bila kutupa mikono.

Vijitabu na njia ya kati

Mwishoni mwa mwaka 1832 alisafiri kwenda nchi za Mediterania pamoja na rafiki yake Hurrell Froude na baba yake Froude. Wenzake waliporudi nyumbani, yeye alirudi peke yake kisiwa cha Sisilia, akashikwa na homa kali iliyokaribia kumuua. Katika kuweweseka kwake alishikilia wazo moja: kwamba Mungu bado ana kazi ya kumpa Uingereza. Akiwa njiani kurudi, katika mashua iliyobeba machungwa, bahari ikatulia kabisa, upepo ukakosekana. Hapo ndipo alipotunga utenzi wa kuiomba nuru ya Mungu imwongoze hatua kwa hatua, ambao leo huimbwa na Wakristo wa madhehebu mengi. Alifika nyumbani tarehe 9 Julai 1833.

Siku tano baadaye, tarehe 14 Julai, John Keble alihubiri Oxford dhidi ya mpango wa serikali wa kufuta majimbo kumi ya kiaskofu ya Ireland. Leo jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini swali lililokuwa chini yake lilikuwa kubwa: Kanisa ni idara ya serikali, ambayo Bunge laweza kuipunguza na kuiongeza litakavyo, au ni mwili wa Kristo, wenye mamlaka uliyopewa na mitume? Keble, Newman, Edward Pusey na wenzao walijibu kwamba Kanisa la Uingereza ni sehemu ya Kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume, kama tunavyokiri katika Imani. Wakaanza kutoa vijitabu, vya bei ndogo, vilivyopelekwa kwa mapadri nchi nzima. Kati ya mwaka 1833 na 1841 vilitoka 90.

Newman aliamini kwamba Kanisa lake linashika njia ya kati. Upande mmoja waliona wale waliotupa mengi ya Kanisa la kale. Upande mwingine waliiona Roma, iliyoongeza, kwa maoni yao, mambo ambayo mababa hawakuyajua. Katika miaka hiyo Newman aliandika maneno makali dhidi ya Roma. Hakuwa Mkatoliki aliyejificha, kama wengine walivyodai baadaye. Alikuwa Mwanglikana mwenye bidii, aliyeipenda nyumba yake na kuitetea.

Mwaka alioona uso wake

Katika kiangazi cha mwaka 1839 Newman alikuwa akisoma habari za karne ya tano na Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451. Humo kulikuwa na pande tatu. Walikuwapo waliokataa kabisa mafundisho ya mtaguso kuhusu nafsi ya Kristo na asili zake mbili. Walikuwapo waliotafuta mahali pa kusimama katikati. Na ilikuwapo Roma chini ya Papa Leo. Kadiri alivyosoma, ndivyo alivyoanza kuona jambo lililomtisha: katika ugomvi ule, watu wa katikati ndio waliofanana na yeye. Alisema baadaye kwamba alijitazama katika kioo cha karne ile akaona uso wake mwenyewe.

Kiangazi kile kile rafiki yake mmoja alimletea makala ya Nicholas Wiseman, padri Mkatoliki, kuhusu Wadonatisti wa Afrika ya Kaskazini. Hawa walijitenga na Kanisa lote wakidai kwamba wao peke yao ni safi. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, yaani Mwafrika mwenzetu wa bara hili, aliwajibu kwamba hukumu ya Kanisa lililoenea duniani kote ndiyo salama, kuliko hukumu ya pembe moja iliyojitenga. Maneno hayo ya Augustino yalimrudia Newman kichwani tena na tena. Alijiuliza: je, na sisi kisiwani kwetu ni pembe moja?

Bado hakuondoka. Alijaribu kwanza kuonyesha kwamba nyumba yake ina nafasi kwa imani aliyoiona katika mababa. Mwanzoni mwa mwaka 1841 alitoa kijitabu cha 90, akieleza kwamba zile Ibara 39 za Dini, ambazo kila padri wa Uingereza alipaswa kuzitia sahihi, zaweza kusomwa bila kupingana na imani ya Kanisa katoliki la kale. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Wakuu wa vyuo vya Oxford walimlaani. Askofu wake alimwomba asiendelee na vijitabu, naye akatii mara moja. Kisha, mmoja baada ya mwingine kwa muda wa kama miaka mitatu, maaskofu wakakitaja kijitabu kile katika hotuba zao kwa mapadri na kukikataa. Newman alikuwa amefundisha kwamba sauti ya askofu ni sauti ya mitume. Sasa sauti hizo zilikuwa zikimwambia kwamba alichokiamini si imani ya nyumba yake.

Mwaka huo huo Uingereza na Prussia zilikubaliana kuanzisha uaskofu wa pamoja Yerusalemu, ambao ungewahudumia Waanglikana pamoja na Waprotestanti wa Ujerumani, na mataji ya nchi hizo mbili yakapokezana kumteua askofu. Kwa Newman hilo lilikuwa pigo zito. Kama uaskofu waweza kupangwa na serikali mbili kwa mkataba, bila makubaliano ya imani, Kanisa lake linajiona kuwa nini? Alipeleka malalamiko rasmi kwa askofu wake. Mpango haukusimama.

Littlemore

Mwaka 1842 alihamia Littlemore. Mama yake ndiye aliyeweka jiwe la msingi la kanisa la kijiji hicho mwaka 1835, akafariki mwaka uliofuata. Newman alichukua majengo ya chini yaliyokuwa mazizi na ghala, akayafanya vyumba vidogo vya kuishi, sehemu ya vitabu na chumba cha sala. Vijana wachache walimfuata. Walisali vipindi vya sala vya mchana na usiku, walifunga, walisoma. Watu wa Oxford walikuja kuchungulia. Magazeti yalidai kwamba anajenga utawa wa siri, na askofu wake akamwandikia kumuuliza. Newman alijibu kwa heshima kwamba anatafuta mahali pa kusali kwa utulivu, na kwamba hajengi kitu kwa hila.

Mwaka 1843 alitangaza kwamba anayafuta maneno makali aliyokuwa ameandika dhidi ya Roma. Tarehe 18 Septemba aliacha parokia yake. Wiki moja baadaye, tarehe 25, alihubiri Littlemore kwa mara ya mwisho akiwa padri wa Anglikana. Kanisa dogo lilipambwa maua, kwa kuwa ilikuwa kumbukumbu ya kutabarukiwa kwake. Alichukua andiko la Zaburi ya 104, mahali panaposema juu ya mtu anayetoka kwenda kazini mpaka jioni. Ni andiko lile lile alilolitumia katika hotuba yake ya kwanza kabisa, akiwa shemasi kijana miaka 19 kabla. Kisha akataja maagano ya Biblia: Ruthu na Naomi, Daudi na Yonathani, Paulo akiwaaga wazee wa Efeso. Hakueleza hoja zake, hakumtaja adui. Aliwaomba tu wamkumbuke katika sala. Pusey aliadhimisha Ekaristi akilia, na watu wengi kanisani walilia wakisikika.

Hata baada ya siku hiyo alikaa miaka miwili zaidi kama mlei tu katika Kanisa la Anglikana. Wenzake kadhaa walitangulia, yeye alingoja. Alimwandikia Keble mara kwa mara, akimweleza wasiwasi wake kama mtu anavyomweleza kaka mkubwa. Alihofia kwamba labda anadanganywa na akili yake. Alihofia pia kuwakwaza wale waliomtegemea. Mwanzoni mwa mwaka 1845 swali lake lilikuwa limebaki moja: kama yeye akifa usiku ule, je, yuko salama pale alipo? Alisisitiza kwamba swali hilo ni lake peke yake, wala halimhusu mtu mwingine. Hakuhukumu wokovu wa Pusey wala wa Keble. Alijua tu kile ambacho dhamiri yake imekwisha kukiona, na kwamba mtu akishaona hawezi kujifanya hajaona.

Kilichobaki kilikuwa hoja aliyoishika tangu ujana: kwamba Roma imeongeza mambo. Alikaa chini kuandika kitabu juu ya kukua kwa mafundisho ya Kanisa. Humo alieleza kwamba imani hai hukua kama kitu chenye uhai kinavyokua. Mche wa mwembe haufanani na mwembe wenye matunda, na bado ni mti ule ule. Kazi ni kupambanua ukuaji wa kweli na uharibifu, na alitoa alama saba za kupimia. Kabla hajamaliza kitabu, alikuwa amepata jibu lake.

Usiku wa mvua

Tarehe 3 Oktoba 1845 alijiuzulu nafasi yake chuo cha Oriel. Usiku wa tarehe 8, mvua ikinyesha sana, padri mmoja Mwitaliano wa shirika la Mateso, Dominiko Barberi, alifika Littlemore akiwa amelowa chapachapa, kwa sababu alisafiri saa nyingi juu ya gari la farasi lisilo na kifuniko. Alisimama karibu na moto ili akauke. Newman akaingia, akapiga magoti miguuni pake, akaomba kupokelewa. Barberi alikuwa mtoto wa wakulima, Kiingereza chake kilikuwa kibovu, na watoto wa Uingereza walikuwa wamemtupia mawe njiani alipofika nchi ile. Mbele yake alipiga magoti msomi aliyesikilizwa kuliko wote Oxford. Kesho yake, tarehe 9, Newman na wenzake wawili walipokelewa. Asubuhi ya tarehe 10 Barberi aliadhimisha Misa mle ndani, na meza ya kuandikia ya Newman ndiyo iliyotumika kuwa altare.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Alipoteza kipato, kazi na mji wake. Aliondoka Oxford Februari 1846 na hakurudi kwa miaka 32. Dada yake Harriett alivunja uhusiano naye, akafariki mwaka 1852 bila wawili hao kupatana. Wala huko alikokwenda hakupokewa na wote kwa furaha. Alipata upadri Roma mwaka 1847, akaanzisha nyumba ya Oratorio Birmingham, lakini kwa miaka mingi baadhi ya viongozi Wakatoliki walimtilia shaka kwamba bado ni nusu Mwanglikana. Anayedhani kuhama Kanisa kutamaliza taabu zake na asome habari za miaka hiyo.

Mwaka 1864 mwandishi Charles Kingsley, padri wa Anglikana, alimshutumu hadharani kwamba yeye na mapadri wa Roma hawajali ukweli. Newman alijibu kwa kuandika historia ya mawazo yake, ikatoka kwa sehemu wiki hadi wiki. Angeweza kutumia nafasi ile kulipiza kisasi kwa Kanisa lililomfukuza kwa maneno. Badala yake aliwataja walimu wake wa Anglikana mmoja mmoja na kusema alichopokea kwa kila mmoja. Waanglikana wengi waliposoma, ghadhabu ya miaka 20 ilianza kuyeyuka.

Waliobaki

Upande wa pili wa habari hii ni wetu. Newman alipoondoka, wengi walidhani kazi yote ya Oxford imekufa. Pusey, aliyepoteza rafiki wa karibu kuliko wote, aliandika kwamba Newman amehamishiwa sehemu nyingine ya shamba la mizabibu la Bwana. Hakusema amepotea. Yeye na Keble walibaki, wakaendelea na kazi, na urithi wao ndio uliozaa parokia za maskini katika miji ya Uingereza na wamisionari waliokuja kwetu. Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, ambalo Askofu Edward Steere alilijenga mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ni tunda la mti ule. Mwaka 1890, mwaka aliofariki Newman, Cecil Majaliwa alipata upadri, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ya UMCA.

Tena tukumbuke Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar kuanzia mwaka 1908. Naye alisoma chuo cha Trinity, Oxford, kama Newman. Mwaka 1913, katika mkutano uliofanyika Kikuyu nchini Kenya, maaskofu wa Anglikana wa Mombasa na Uganda walipanga ushirikiano na Wapresbiteri, Wamethodisti na wengine, na mwishoni wakashiriki Ekaristi pamoja. Weston alipinga kwa nguvu na kumwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury. Swali lake lilikuwa karibu sawa na lile la Newman juu ya Yerusalemu: uaskofu ni wa lazima kwa Kanisa, au ni mpango tu unaoweza kuwekwa kando? Wakuu wa Kanisa hawakumpa jibu alilolitaka. Wako waliotazamia kwamba ataifuata njia ya Newman. Hakuifuata. Alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924, akiwa askofu wa Anglikana, katikati ya watu aliowapenda.

Wawili hao waliulizwa karibu swali lile lile, wakajibu tofauti. Hatuwezi kumwita mmoja mwoga na mwingine msaliti. Kila mmoja alisali, alisoma, aliumia, na alitii alichokiona.

Hapa ndipo tunapojipima. Siku hizi mtu huweza kuhama Kanisa kwa sababu ya ugomvi wa kwaya, au kwa kunyimwa cheo katika baraza la parokia, na huita jambo hilo dhamiri. Newman, aliyeitetea dhamiri kuliko wengi, alionya mwaka 1875 kwamba watu hulitumia neno hilo kufunika utashi wao. Dhamiri kwake ni sauti inayotudai, mara nyingi dhidi ya tunachopenda. Yeye ilimchukua miaka sita, tangu mwaka 1839 hadi 1845, akiwa amefunga, akitafuta ushauri wa wasiokubaliana naye, akitii askofu wake hadi siku ya mwisho. Anayetaka kuondoka na apime haraka yake kwa kipimo hicho.

Na sisi tunaobaki tupime ulimi wetu. Ni rahisi kusema kwamba aliyehama alihongwa, au alifuata mume, au hakuwahi kuwa wa kwetu. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingine ameondoka kwa machozi, na kinachomfuata nyuma ni matusi yetu. Harriett alikuwa na sababu za kuumia. Kaka yake alikuwa fahari ya nyumba. Hata hivyo alikwenda kaburini na mlango umefungwa, na hakuna kitabu cha hoja kilichoweza kuufungua baadaye.

Tena tusijidanganye kwamba tofauti ni ndogo. Papa Leo XIII, aliyemfanya Newman kuwa kardinali mwaka 1879, ndiye aliyetamka mwaka 1896 kwamba daraja za upadri wa Anglikana ni batili. Tamko hilo bado linatuuma, na mapadri wetu wanalijua. Tunasali pamoja na ndugu zetu Wakatoliki katika Wiki ya Kuombea Umoja, tunazika pamoja, lakini mezani pa Bwana bado hatuketi pamoja. Mwaka 1966 Papa Paulo VI alimvisha Askofu Mkuu Michael Ramsey pete yake ya kiaskofu. Tarehe 13 Oktoba 2019, Papa Fransisko alipomtangaza Newman kuwa mtakatifu, mkuu Charles, Mwanglikana na mrithi wa kiti cha Uingereza, alikuwapo. Ni ishara njema, na safari bado ni ndefu.

Meza ya Hursley

Tumalizie na siku moja ya Septemba mwaka 1865. Newman alikwenda Hursley, kijijini kwa Keble, na Pusey naye alikuwapo siku hiyo. Ilikuwa miaka 20 tangu aondoke. Alipofika, mzee mmoja alikuwa mlangoni. Keble hakumtambua Newman, wala Newman hakumtambua Keble. Uzee ulikuwa umewabadilisha wote wawili. Ikabidi Newman atoe kadi yenye jina lake. Kisha wazee hao watatu, walioanza pamoja mwaka 1833, wakaketi mezani wakala chakula. Mke wa Keble alikuwa mgonjwa, hivyo walikuwa peke yao. Hawakumaliza tofauti zao siku ile. Keble alifariki miezi sita baadaye, na watatu hao hawakukutana tena.

Hawakuwa na Ekaristi moja, lakini walikuwa na mkate mmoja wa nyumbani, na hakuna aliyemfungia mwenzake mlango. Katika nyumba zetu bado upo muda. Jumapili hii, baada ya Misa, yuko mtu wa kwetu atakayekuwa akitoka kanisa la pili ng'ambo ya barabara. Tumngoje, twende naye nyumbani tukale.